Anayechoka Mapema Atangulie

Dada yangu wanamwita Kobe, na aliyempa jina hilo alidhani anamtukana. Aliyempa ni dereva wa basi la watalii, mtu mwenye haraka hata akiwa amekaa. Siku hiyo dada alikuwa anateremka na kundi lake kutoka kwenye maporomoko, jua limeshajificha nyuma ya mlima, na dereva amepiga honi mpaka ndege wamehama. Akamwambia mbele za watu, "Mama wewe ni kobe kabisa!" Dada akamjibu, "Kobe umewahi kumwona amechelewa kufika nyumbani kwake?" Watu wakacheka. Jina likabaki, lakini tusi liliishia palepale.

Mimi ni mdogo wake. Nina kibanda cha chai kwenye maegesho, pale magari yanapoishia na njia ya miguu inapoanzia, kwa hiyo mengi ya haya nimeyaona mwenyewe. Mengine nimeambiwa na wateja waliokaa mezani kwangu wakiwa bado wanahema. Na niseme mapema kwamba simulizi hii ina upande mmoja tu. Anayetaka upande wa pili akanywe chai kwa meneja wa kampuni ya utalii.

Kazi ya dada katika kampuni hiyo ilikuwa kuongoza watu kwenda kuona maporomoko. Wanakuja asubuhi kutoka mjini: familia na vikapu vyao, wapenzi waliovaa viatu vyeupe, wafanyakazi wa ofisi waliolazimishwa kufurahi pamoja. Njia inapita kwanza kwenye mashamba, kisha inaingia msituni, mahali penye ukungu na utelezi. Halafu inakuja sehemu tunayoiita Ukingo. Upande mmoja ni ukuta wa jiwe wenye mnyororo wa kushikilia, upande mwingine ni korongo, na katikati ni upana wa mtu mmoja. Pale hakuna kupishana, hata uwe nani. Ukimaliza Ukingo unalowa kabla hujaona kitu, na ukipiga kona ndiyo unayaona maji yanavyoanguka.

Kabla ya Ukingo kulikuwa na benchi. Waongozaji wengine wa kampuni walikuwa na mtindo wao: mtu akianza kuchoka wanamkalisha pale, wanamwambia kwa sauti tamu, "Pumzika hapa mama, tutakupitia tukirudi." Wanene, wazee, wajawazito, wenye magoti mabovu, wote waliliona benchi lile kuliko walivyoyaona maporomoko. Kampuni ilipaita Kituo cha Mapumziko. Dada alipaita stoo. "Watu si mizigo," alikuwa akisema, "hawawekwi stoo."

Yeye ana mtindo wake. Kabla ya kuondoka anawasimamisha watu mbele ya kibanda changu na kuuliza, "Nani hapa anachoka mapema?" Kila mtu anatazama viatu vyake. Nani anataka kujiaibisha asubuhi yote hiyo? Dada anasubiri, mikono nyuma, kama mwenye siku nzima mfukoni. Mwishowe mtu mmoja anainua mkono nusu, na dada anamwambia, "Haya, wewe ndiye utakayetangulia. Sisi wengine tutakufuata, na hakuna wa kukupita." Vijana wenye misuli hununa mwanzoni. Wakifika nusu ya njia wameanza kutazama maua na kuulizana habari za nyumbani, maana hawana la kufanya zaidi ya hilo.

Mtindo huo hakuutoa hewani. Mama yetu ndiye aliyekuwa na kibanda hiki kabla yangu, akiuza chai na mayai ya kuchemsha, miguu yake imevimba kama magogo. Maisha yake yote aliyasikia maji yale yakinguruma, na hakuwahi kuyaona. Siku moja akajikaza, akamwomba mwongozaji mmoja ampeleke. Tukamvalisha sweta, tukamsindikiza kwa macho mpaka akapotea msituni. Aliporudi tulimkimbilia tukimuuliza maporomoko yakoje. Akasema, "Benchi nimeliona. Ni benchi zuri." Alikufa bila kuyaona. Mimi hadi leo linaniuma, na kila anayenitania kuhusu mwendo wa dada yangu namwongezea maji kwenye chai.

Basi akaja meneja mpya. Kijana mtanashati, saa kubwa mkononi, na kila neno lake lilikuwa ratiba. Akatangaza kwamba kuanzia sasa kila mwongozaji atapeleka makundi mawili kwa siku badala ya moja, na kundi lisisubiri mtu mmoja. Akamgeukia dada. "Nimesikia habari zako, mama. Na tafadhali usiniambie haraka haraka haina baraka, nimeshaisikia mpaka nimechoka."

"Sikwambii hiyo," dada akasema. "Nakwambia mbio za sakafuni huishia ukingoni. Na Ukingo tunao."

Nyumbani mume wake, shemeji yangu fundi cherehani, mtu wa amani kupita kiasi, alimsihi. "Mke wangu, si ukubali tu? Mwitikie ndiyo bosi, halafu huko mlimani ufanye yako."

"Mdomo ukisema ndiyo na miguu ikasema hapana, miguu itanisuta," akajibu. Nilikuwepo, nikasema huo ni ukaidi mtupu. Akaniuliza kama chai yangu imeshaisha hata napata muda wa kumchambua.

Siku ya kujaribiwa ilifika haraka. Meneja aliamua kutembea na kundi la dada ajionee. Katika kundi hilo kulikuwa na mwalimu mstaafu aliyepooza upande mmoja, anatembelea fimbo, na binti yake amemshika kiwiko. Bila shaka dada alimtanguliza. Mpaka wanafika kwenye benchi, meneja alikuwa anatokwa moshi masikioni.

"Mzee atabaki hapa," akasema.

"Mzee, unataka kubaki?" dada akauliza.

"Sijaja kuona mbao," mwalimu akajibu.

Meneja akawachukua wenye nguvu, akaenda nao kwa kasi. Dada akabaki na mwalimu na binti yake, wakapita Ukingo hatua kwa hatua, mkono mmoja kwenye mnyororo, wakafika. Waliporudi maegeshoni kila mtu alikuwa garini akiwasubiri, dereva yuko kwenye honi yake, na safari ya pili ya siku ile ilikuwa imekufa.

Meneja alimfuata dada mpaka mezani kwangu. "Vua," akasema. Alimaanisha fulana ya kijani ya waongozaji. Mbele za watu! Mama mwenye wajukuu! Nilishika birika la maji ya moto, na Mungu ndiye aliyeniokoa. Dada akaivua taratibu, akaikunja vizuri, akaiweka kando ya vikombe.

"Hata hivyo ilikuwa inanibana kwapani," akasema.

"Kuanzia kesho nisikuone kwenye njia yangu."

"Njia yako?" Hapo ndipo dada alipopandisha sauti. "Njia hii imechimbwa na miguu ya bibi zetu wakienda shambani. Wewe una basi na kibao. Basi lako sitalipanda, kibao chako sitakisoma. Lakini njia nitapita."

Na kweli, kesho yake alipita. Meneja alipochungulia hakumwona maegeshoni, akashukuru, kumbe mwenzake yuko juu, amekaa kwenye benchi. Kundi likifika, wachovu wakiachwa pale, wanamkuta mama mmoja mwenye sweta anawauliza, "Mmeshapumzika? Basi twendeni." Makundi ya kampuni yakiwa yanapiga picha kule kwenye maji, wanashangaa kona inawatapika wale waliowaacha stoo, wameloa na wanacheka. Mwongozaji mmoja aliniambia aliona haya mpaka akajifanya anafunga kamba za viatu.

Sitasema ilikuwa rahisi. Walioguswa walimpa chochote, wengine walimpa asante, na asante haiivi chunguni. Shemeji alishona mpaka macho yakawa mekundu. Mvua ilipokaza dada alikohoa wiki nzima, nikamwambia aache, ameshawaonyesha, yatosha. Alinitazama kwa namna ambayo nilienda kuosha vikombe vilivyokuwa safi. Meneja naye alituma watu wakaling'oa benchi. Wachovu wakakaa kwenye majani, na dada akakaa nao.

Halafu asubuhi moja, kabla basi la kampuni halijafika, gari dogo liliingia maegeshoni likiwa limejaa. Akashuka binti wa yule mwalimu mstaafu. Safari hii amekuja na ukoo: shangazi mnene, dada yake mjamzito, mtoto mwenye chuma mguuni, na bibi yao mzaa baba, mwembamba kama fito, mgongo umepinda. "Tunamtaka mama Kobe," akasema. "Baba ametuambia tusikubali mwingine."

Nilifunga kibanda nikaenda nao. Uzalendo ulinishinda, sikuweza kubaki nyuma.

Bibi ndiye aliyetangulia. Anapiga hatua, anapumua, anamsifu mwenye shamba lile, anapiga nyingine. Tulikuwa katikati ya Ukingo tuliposikia viatu nyuma yetu. Ni meneja mwenyewe, na kundi lake la kwanza, wanakuja mbio.

"Pisheni!" akapaza sauti. "Mama, wapishe watu wapite!"

"Wapite wapi, bosi?" dada akamjibu bila kugeuka. "Kwenye korongo?"

"Kundi langu lina ratiba!"

"Na bibi ana magoti. Njia ni moja, fuata foleni."

Ikabidi afuate. Mstari mrefu, kampuni nzima na fulana zake, nyuma ya bibi mmoja. Mara tukasikia mtu mzito katika kundi lake akisema, "Jamani, mimi nashukuru, nilikuwa nakata roho." Wenzake wakaangua kicheko, na baada ya hapo hata wao wakaacha kusukumana.

Tukapiga kona, maji yakatokea. Bibi akasimama katikati kabisa, ameshika mkono wa dada, uso ameunyanyua. Hakuna aliyempita ingawa nafasi ilikuwepo sasa. Dada alikuwa analia waziwazi, na mimi pia, sote tukijua ni nani hakuwepo pale.

Meneja akatazama saa. "Jamani, dakika zimekwisha, picha moja tugeuke. Tumechelewa sana, haya, haya, twende..."

Bibi hakugeuza hata shingo.

"Mwambieni huyo kijana anyamaze," akasema. "Nimetoka mbali. Nasikiliza."

Meneja akanyamaza.