Mbao Iliyopakwa Rangi ya Chuma

Nakumbuka siku moja huko Molo, nikiwa na miaka tisa hivi, nilivaa gambuti za baba bila ruhusa. Nyumbani tulikuwa na jozi moja tu, na aliyeamka wa kwanza kwenda kukamua ndiye alizivaa. Siku hiyo baba alikuwa mgonjwa. Nikaingiza miguu, zikanifika mapajani, nikashika njia ya shamba la viazi nikijiona mtu mzima. Katikati ya shamba tope likashika. Nikavuta mguu, mguu ukatoka, gambuti ikabaki. Nikavuta wa pili, hivyo hivyo. Mwanangu, kama hujakanyaga tope la Molo asubuhi bila kiatu, baridi unaisikia kwa redio tu. Mama alinicheka mpaka akaketi juu ya gunia. Mama alikuwa mtu wa kucheka. Dada yangu wa Njoro ndiye amechukua kicheko chake, na mdomo pia.

Lakini si hayo nilitaka kusema. Siku hizi nimechoka, maneno yananitoka kabla sijayapanga.

Nilitaka kusema juu ya hizo tairi. Juzi nimekuona ukizunguka gari yako ndogo na kipande cha kamba, unapima kama tairi kubwa zitaingia. Gari ilikuwa tupu. Usukani ulikuwa umenyooka. Sikusema kitu, kwa sababu vijana watatu nimeshawaambia na wote walinijibu, "Sawa mzee," ile sawa ya kumfukuza mtu. Nimeona afadhali niandike. Karatasi haijibiwi sawa.

Mimi pia nilikuwa na gari kama hiyo. Milango miwili, injini ndogo, lakini inavuta miguu yote minne. Kabla ya hapo nilikuwa nimefanya kazi Nakuru, katika gereji ya Kalasinga mmoja, Mhindi wa kilemba, aliyeitwa Mzee Balbir. Nilifika kwake sijui hata spana inashikwa upande gani. Shule nilikuwa nimeonja tu. Yeye hakuuliza cheti. Alinipa tambara, akaniambia, "Futa hii kwanza. Mtu hapana jua kitu chafu iko na shida gani." Nilifuta miaka miwili, na katika kufuta huko nikajua gari.

Wateja wote Mzee Balbir aliwaita bosi. Awe tajiri, awe anasukuma mkokoteni, ni bosi, maana hakuwa mtu wa kushika majina. Mimi aliniita puttar. Kwa lugha yao ni mwanangu. Ndiyo maana hata mimi nakuita hivyo, nilijifunzia kwake. Baba yangu mzazi aliniita "wewe".

Nilipopata gari nikahamia Ndabibi kubeba maziwa ya majirani mpaka Naivasha. Wakati wa mvua ile barabara ilikuwa uji. Gari ilikaa kwa tumbo kila wiki, na maziwa yakikaa juani nani atayanunua? Nikaona dawa ni tairi kubwa. Na nisikufiche, kulikuwa pia na jamaa mmoja upande wa ziwa aliyekuwa na gari ya miguu mikubwa, na akipita watu waligeuka. Nilitaka wageuke kwangu pia. Sehemu hiyo huwa sisimulii.

Nikaenda Nakuru kumwuliza Mzee Balbir. Akazunguka gari mara mbili.

"Puttar, panda saizi moja juu. Moja tu. Injini iko ndogo, atavuta na nini?"

"Mzee, nimeshapata tairi za pikapu. Kuukuu, lakini zina meno."

Akakuna ndevu. "Basi sikia. Inua gari na vipande vya chuma chini ya springi. Chuma, hapana mbao. Ukikata madigadi, kunja ile makali na nyundo, isibaki kama kisu. Halafu jaza gari, jaza kabisa. Mguu moja panda juu ya jiwe, kata usukani mpaka mwisho, ndiyo upime. Gari tupu ni mwongo."

Nikasema nimesikia. Na kweli nilikuwa nimesikia.

Chuma kilihitaji kuchongwa na mtu wa kuchonga, na mfuko wangu ulikuwa umelala. Seremala wa Ndabibi akanikatia vipande vinne vya mbao ngumu. Madigadi, yale mabati ya juu ya tairi, nikakata kwa msumeno siku moja ili tairi zienee, na kukunja makali nikasema nitakunja kesho. Kupima na mzigo sikupima. Lakini nilijua Mzee Balbir iko siku atapita huko. Nikachukua rangi nyeusi nikapaka zile mbao, nikasugua grisi juu. Ungeapa ni chuma. Sijawahi kupaka kitu vizuri hivyo tangu nizaliwe.

Asubuhi ya kwanza Mama Nyokabi, aliyekuwa na ng'ombe wawili na maneno ya ng'ombe kumi, aliangalia gari akashika kiuno.

"Woi! Hii gari inasimama kwa vidole kama mtoto anaiba sukari!"

Wote wakacheka, lakini walipakia maziwa. Wiki tatu nilipita tope kama mfalme, na sikumwaga hata kikombe. Usifikiri ubaya huanza siku ya kwanza.

Kisha Mzee Balbir akaja Ndabibi kutengeneza pampu ya maji ya shamba moja. Alimaliza saa saba akaomba lifti mpaka Naivasha. Gari ilikuwa imejaa mitungi ya maziwa ya mchana. Akasimama mbele ya tairi, mkono kwa kiuno. Magoti yake yalikuwa yamekwisha, kama haya yangu sasa, hakuweza kuinama.

"Chuma, puttar?"

"Chuma, mzee."

"Ulipima na mzigo?"

"Nilipima."

"Shabash," akanisifu kwa lugha yao, na akaingia.

Ni hapo, mwanangu. Kila mtu anafikiri kosa langu lilikuwa ile mbao. Gari ilikuwa bado imesimama, ningeweza kusema, "Mzee, ni mbao, twende polepole." Angenitukana kwa Kipunjabi, tungecheka, tungepunguza mitungi.

Kwenye kona ya kushuka, gurudumu la kushoto likaingia shimoni na usukani umekatwa. Nikasikia mlio wa kuni zikipasuliwa. Gari ikaketi upande mmoja, tairi ikapanda kwenye yale makali ambayo ningekunja kesho, ikachanika kama kitambaa. Tukaingia mtaroni, tukalala ubavu. Hakuna aliyevunjika, namshukuru Mungu. Maziwa ya nyumba kumi na moja yakashuka na barabara, meupe juu ya udongo.

Ngoja nikupe nasaha hapa, kabla sijafika mwisho, kwa sababu nikifika mwisho huwa sina nguvu ya kuongeza neno.

Weka tairi, mwanangu, sikukatazi. Weka saizi moja juu. Kunja makali siku ile ile uliyokata. Pima gari ikiwa imebeba, na usukani umekatwa mpaka mwisho. Kama huna pesa ya chuma, ngoja, au beba kidogo. Kukosa pesa hakukuaibishi. Lakini ukitumia mbao, sema ni mbao. Usiipake rangi kwa ajili ya mtu anayekuamini, hasa yule ambaye hawezi tena kuinama kuangalia. Mungu akupe barabara kavu, na mvua inyeshe shambani kwako. Akupe mtu wa kukukemea, na akuachie mtu huyo miaka mingi. Ukirudi nyumbani, urudi na wote uliotoka nao.

Basi. Mzee Balbir alitoka kupitia dirisha la juu, kilemba kimejaa vumbi. Hakuniuliza kama nimeumia. Alizunguka gari, na sasa hakuhitaji kuinama, tumbo lote la gari lilikuwa nje. Ile mbao ilikuwa imepasuka katikati, nje nyeusi, ndani nyeupe kama muhogo. Akachomoa kipande. Akakigeuza. Akapitisha kidole pale kwenye rangi, polepole, kama mtu anayeangalia kazi ya fundi mzuri. Kisha akaniwekea mkononi.

Akachukua sanduku lake la spana.

"Asante kwa lifti, bosi," akasema.

Akashika barabara kwa miguu kuelekea Naivasha, na yale magoti yake. Nilisimama na kipande changu nikingoja ageuke. Ile kona ikamficha, na mimi sikumwona tena.