Shemeji Yangu Niliyemwita Dereva

Mdogo wa marehemu mume wangu aliacha shule akiwa darasa la saba ili kaka yake aendelee. Baba yao alikuwa amefariki, karo ilimtosha mtoto mmoja tu, na yeye ndiye aliyesema, bila kuulizwa na mtu, kwamba kusoma kunamuumiza macho. Hakukuwa kukimuumiza. Daftari zake nimeziona, na mwandiko wake ni mzuri kuliko wa mume wangu. Alikwenda karakana ya mabasi, akaanza kwa kuosha vyuma, akaishia kuwa fundi mkuu. Kazini wanamwita Spana. Mwezi uliopita alistaafu. Kwenye sherehe ya kumuaga walinipa nafasi niseme machache kwa niaba ya familia, nikasingizia koo. Sababu ya kweli ni hii ninayoiandika hapa.

Mama mkwe wangu alitaka kuwaona ndugu zake kabla magoti hayajamkatalia kabisa. Wametawanyika miji mitatu, safari ya wiki mbili. Basi haliwezi kumngojea mtu anayehitaji choo kila baada ya saa moja, na nyumba za wageni zina ngazi. Nikaamua tununue gari la nyumba, lile lenye vitanda, jiko na choo ndani kwa ndani. Kusema kweli nilikuwa nimeshalichagua kabla sijamuuliza mtu: jeupe, refu, lenye mistari ya fedha ubavuni, limesimama mbele ya yadi ya magari karibu na benki. Walimu wenzangu wa zamani nilishawaambia.

"Shemeji, usisaini chochote kabla sijaingia uvunguni," Spana aliniambia kwa simu.

Jumamosi asubuhi alitukuta yadini akitoka zamu ya usiku. Ovaroli lilikuwa limelowa grisi mpaka kiunoni, goti moja limechanika, na kiatu cha kushoto amekifunga kwa waya. Mimi nilikuwa nimevaa gauni langu la mahafali. Mama mkwe na binti zangu wawili walibaki ndani ya teksi wakingoja kivuli kisogee. Spana alinisalimia, akalala chini palepale, akajisukuma chini ya gari jeupe.

Mwenye yadi akatokea ofisini, akasimama ghafla.

"Mwalimu! Ni wewe? Mimi ulinifundisha! Ulinichapa kwa kuandika 'nyinyi' badala ya 'ninyi' kwenye insha!"

Nilimkumbuka. Alikuwa wa mwisho darasani, na sasa shati lake limepigwa pasi vizuri kuliko la mwalimu mkuu yeyote niliyefanya naye kazi. Alinishika mkono kwa mikono miwili, akainama. Kisha akaiona miguu miwili iliyochomoza chini ya gari lake.

"Na huyu, Mwalimu?"

"Dereva wetu," nikasema.

Lilinitoka kirahisi, kama mtu anayetaja siku ya wiki. Ile miguu, iliyokuwa ikijisukuma kidogo kidogo, ikatulia. Kiatu chenye waya kikabaki hewani kidogo, halafu kikashuka taratibu. Spana alipotoka alijifuta uso kwa mkono wa ovaroli.

"Mama," akaniambia, "chasisi ya hili imeliwa na kutu nyuma. Na tangi la maji wamelifunga nyuma kabisa, kupita ekseli ya nyuma. Likijaa, gari litakuwa jepesi mbele, usukani utaelea."

Mama. Miaka ishirini na sita alikuwa ananiita shemeji, hata siku tuliyomzika kaka yake. Nilitazama pembeni, nikasema asante kama anavyoshukuriwa dereva.

"Dereva wako anajua kazi," mwenye yadi akasema. "Umempata wapi?"

"Yupo nasi muda mrefu."

Spana aliendelea kama hakusikia. Aliingia ndani, akabonyeza sakafu kwa kisigino karibu na sinki. Ikabonyea kama mkate. Akafungua makabati, akanusa. Akahesabu mikanda ya viti.

"Mama, watu huwa wanahesabu vitanda. Hesabu mikanda kwanza. Hapa wanalala wanne, wanaofungwa mikanda ni watatu. Wa nne akiruka kwenye breki, kitanda hakimsaidii."

"Ah, na wewe mzee!" mwenye yadi akacheka. "Unataka kuniharibia biashara? Mwalimu, mimi nina utaratibu wangu. Siuzi gari kabla familia haijalala ndani. Robo saa, viatu chini, kila mtu kitanda chake. Anayegombana na mwenzake hapa yadini, njiani atamtupa."

Binti zangu wakamleta bibi yao. Ngazi ya kwanza ya gari jeupe ilimfika karibu na goti. Ilibidi wamwinue kwapani.

"Hili ni gari au dari?" akauliza. "Mkinishusha, mniite na zimamoto."

Tulilala. Mama mkwe chini, mimi mbele yake, mabinti juu kwenye vitanda vya kukunjua. Kioo cha sinki kiliniangalia moja kwa moja.

"Wanne!" mwenye yadi akashangilia. "Mmeenea kama mmepimwa na fundi cherehani."

"Na wa tano?" binti yangu mkubwa akauliza kutoka juu.

"Dereva? Dereva analala kitini, dada. Wamezoea hao."

Mabinti hawakuwapo niliposema lile neno. Mama mkwe akainuka kwa kiwiko.

"Dereva gani?"

Mwenye yadi akamwonyesha Spana, aliyekuwa amesimama mlangoni akishikilia viatu vya mama yake.

"Yule?" Mama mkwe akasema. "Yule nimemzaa mimi, mwanangu wa mwisho, na kichwa chake karibu kiniue. Sikumbuki kuzaa dereva."

Nilifungua mdomo. Spana akaniwahi.

"Bibi amechoka na jua, bosi," akamwambia mwenye yadi kwa upole. "Kila mtu anamwita mwanawe. Hata sisi tumeshazoea."

Mwenye yadi akacheka kwa huruma, kama watu wanavyowacheka wazee wanaosahau. Mama mkwe, mwenye akili timamu kuliko sisi wote pale, alimtazama mwanawe. Akanitazama mimi. Kisha akalala tena na kugeukia ukuta.

Mtu alikuwa amemkana mama yake mzazi, mbele ya uso wake, ili mimi nisiaibike kwa mwanafunzi niliyewahi kumchapa. Nafasi ya kusema ilikuwapo. Mabinti walikuwa wananitazama kutoka juu, na maneno yenyewe yalikuwa machache: huyu ni shemeji yangu. Nimefundisha watoto kusimama mbele ya shule nzima na kusema makosa yao. Mimi nikasema, "Hebu tuone lile la kijani."

La kijani lilikuwa nyuma kabisa ya yadi. Zamani lilikuwa zahanati inayotembea. Ukilitazama kwa pembeni uliona chini ya rangi mpya herufi za neno CHANJO. Nilishalikataa mara moja kwa sababu hiyo, nisije nikaonekana nahamisha wagonjwa. Lakini ngazi yake ilikuwa chini, ilitengenezwa kwa wajawazito na wazee, na mlangoni palikuwa na bomba la kushika. Mama mkwe alipanda mwenyewe bila kumshika mtu. Ndani kulikuwa na vitanda vitano na mikanda mitano. Spana alikaa uvunguni nusu saa nzima.

"Hili, mama. Sura halina. Lakini litakwenda na litarudi."

"Basi tunachukua hili," nikasema. Nikaonyesha kitanda kilichokuwa karibu na mlango. "Na hiki ndicho cha dereva."

Nilidhani nilikuwa nafanya wema. Binti yangu mdogo alishuka garini bila kunitazama.

Wiki tatu zilizofuata Spana alikuja kila jioni akitoka kazini. Alibadilisha mabomba, akaweka feni juu ya kitanda cha mama yake, akafunga matairi mapya baada ya kusoma mwaka wa kutengenezwa wa kila moja. Chakula nilimwandalia mezani. Alikula nje, amekalia ndoo, akisema ovaroli litachafua viti. Viti hivyo amevikalia kwa ovaroli tangu siku tulipovinunua. Kila jioni nilitoka na sahani nikiwa na maneno tayari, na kila jioni nilirudi na sahani tupu na maneno yaleyale.

Asubuhi ya kuondoka majirani walikuwa wamejaa barazani kutuaga. Mama mkwe alishakaa na kufungwa mkanda. Spana alikuja kwa miguu, amevaa shati safi la kazini, na nyuma yake mtu mzima mmoja mfupi mwenye begi dogo.

"Mlihitaji dereva," akasema. "Huyu ni bora kuliko wote pale kwetu. Miaka kumi na nane ya mabasi, hajagusa hata kuku. Funguo nimeshampa."

"Shemeji, na wewe?"

"Mimi nina zamu."

Nilijua angeweza kuomba ruhusa. Alikuwa ameshaiomba, karatasi niliiona. Majirani walikuwa hatua tano kutoka kwetu. Nikasema pale pale, kwa sauti ambayo haikuwa ya mwalimu hata kidogo:

"Siku ile yadini nilikukana. Nilikuonea haya kwa sababu ya nguo zako, na wewe ukamkana mama yako ili kunisitiri. Naomba unisamehe, shemeji, na uje nasi."

Mwanamke wa nyumba ya pili akaacha kupunga mkono.

Spana alitazama chini, akatikisa funguo zake za nyumbani mfukoni.

"Nimekusamehe, shemeji. Ile wiki ileile nilikusamehe. Lakini wiki mbili kwenye gari moja na mtu aliyewahi kukuonea haya, utakuwa kila saa unajitazama mikono. Mimi nimechoka, nataka kupumzika." Akapanda, akamrekebishia mama yake shuka miguuni. "Wasalimie wajomba, mama."

"Nitawaambia una kazi," mama yake akajibu.

Akashuka, akaligonga gari ubavuni mara mbili kama anavyoyagonga mabasi yakitoka karakana, tukaondoka.

Jioni ya kwanza tulisimama kwenye kituo cha mafuta chenye uwanja mpana. Yule dereva alichukua begi lake na kuanza kukunja koti la kuweka chini ya kichwa, kwenye kiti cha usukani.

"Kitanda kipo hapa," mama mkwe akamwambia. "Na pazia lipo. Njoo ulale."

"Hapana bibi, nimezoea kiti."

"Nimesema njoo. Na wewe una mama yako." Kisha akanigeukia. "Mwalimu, mtandikie."

Nikachukua shuka, nikamtandikia.