Barua ya Mjomba wa Sista

Katikati ya miaka ya tisini nilikuwa mfua mashuka katika zahanati ya misheni, Karema. Bosi wangu alikuwa sista mzee wa Ireland, muuguzi aliyejifunza Kiswahili kwa wagonjwa. Siku moja alinionyesha bati la biskuti. Ndani mlikuwa na kifungo cha koti na barua ya penseli.

"Vya mjomba wangu," alisema. "Alipigania uhuru wa kwetu, Waingereza wakampiga risasi. Barua alimwandikia mama yangu akiwa gerezani, siku ya mwisho."

Akanisomea kwa Kiswahili. Nilitegemea maneno makubwa ya vita. Kumbe aliomba radhi kwa kuondoka bila kuaga, akauliza kama ng'ombe mwekundu ameshazaa, akasema viatu vyake apewe mdogo wake. Sista alicheka, kisha akafuta macho.

Alipougua na kurudishwa kwao, aliniachia lile bati. "Mtoto wa kaka yangu atakuja. Mpe mkononi, mwanangu."

Nikalipeleka nyumbani. Miezi ikapita, sikuona mtu. Sukari yetu ilikuwa inaingia sisimizi, nami nikaona bati zuri linakaa bure. Nikatia sukari humo. Kifungo nikakifunga kwenye kona ya kitambaa, barua nikaiweka katika bahasha ya kaki chini ya kitanda. Nilipokuja kuivuta, mchwa walikuwa wameimaliza. Ulibaki udongo mkononi.

Mgeni alifika kiangazi, ameshuka kwenye lori la samaki kutoka Mpanda. Padre wa misheni alitutafsiria.

"Shangazi amefariki. Aliniambia kuna barua."

Nilimpa kifungo. "Aliacha hiki tu."

"Barua je?"

"Labda alisahau. Alikuwa mgonjwa sana."

Akaitikia kwa kichwa taratibu. Alisema ni kweli, mwishoni shangazi yake alikuwa anachanganya mambo. Akanishukuru kwa mikono miwili.

Sista hakuchanganya lolote. Tena maneno ya barua nilikuwa nayo yote kichwani, ningeweza kumwambia palepale, padre akamtafsiria. Lakini ningeyatamka, angejua kwamba barua ilikuwepo. Nikamkaribisha chai.

Miaka baadaye nilirudi misheni kuomba anwani yake. Padre alikuwa amehamishwa, na masista waliokuwepo hawakumjua mgeni huyo. Niliyaandika maneno yale kwenye daftari la mwanangu, kwa Kiswahili. Sina wa kumtumia.