Kiingereza cha Kuhifadhi

Namshukuru Mwenyezi Mungu, aliyewagawia wanadamu ndimi mbalimbali, kisha akawapa na masikio ya kuvumiliana. Angetaka, sote tungesema lugha moja, nami nisingekuwa na la kusimulia.

Mwaka wa tisini na mbili nilikuwa fundi cherehani Nyakabanda, mtaa wa Kigali. Nilishonea kwenye baraza la duka la mtu, na baraza hilo ndilo lililowalisha watoto wangu wote. Duka likauzwa. Asubuhi moja mwenye duka mpya alikuja akalipima baraza kwa hatua zake, kwenda na kurudi, huku mimi nimekaa pale pale nashona.

"Muzee, usikasirike," akaniambia. "Hapa nataka kuweka kabare. Watu watakaa na bia zao."

"Na mimi nitakaa wapi?"

"Wewe unaweza kubaki tu. Lakini bia hunywi. Sasa utakuwa unakaa hapa kama nani?"

Aliniachia mwezi ule uishe.

Siku hizo hizo nikasikia kwamba Kimisagara kumefunguliwa karakana ya kushona sare za shule, na anatafutwa msimamizi. Mwenye karakana alikuwa mama wa Kizungu asiyejua Kifaransa wala Kinyarwanda, Kiingereza tu, na msimamizi alitakiwa akijue. Kigali ya wakati ule mtu mwenye Kiingereza ulimtafuta kwa tochi. Mimi sikuwa nacho hata cha kuombea maji. Lakini kazi ya mafundi niliijua, na baraza lilikuwa linaondoka.

Nikaenda kwa ustadhi wetu, aliyefundisha watoto Kurani katika chumba nyuma ya msikiti. Ujanani alisoma Tanga, akarudi na kitabu kimoja cha sarufi ya Kiingereza kisicho na jalada.

"Kiingereza ni kitu kidogo, fundi," akasema akikipima mkononi. "Tazama mwenyewe. Hakifiki hata juzuu mbili."

Ustadhi alikuwa na njia moja tu ya kufundisha, ile ile tuliyofundishwa sote: anasoma, unafuatisha, unayumba mbele na nyuma mpaka maneno yakae kifuani. Maana itakuja baadaye, Mungu akipenda. Na sharti lake halikubadilika kwa sababu ya Mwingereza. Ukikosea au ukikatizwa, unarudi mwanzo wa ukurasa.

Basi kila siku baada ya sala ya alasiri nilikaa mkekani na ndevu zangu, dirisha wazi, tukiimba majina ya vitu, kimoja na vingi. Yeye anapaza, "One book!" Mimi naitikia, "Two books!" Hatukuruka kitu. Hata pale kitabu kilipomwambia mwanafunzi ajaze nafasi zilizo wazi, tulihifadhi na hayo, kwa sauti ile ile.

Tulipofika kwenye mkasi, kitabu kikasema Mwingereza hana mkasi mmoja. Kwake ni wingi daima. Siku ile niligoma. Nikatoa mkasi wangu, nikauweka mkekani.

"Ustadhi, hii ni mingapi?"

"Huo ni mmoja."

"Na Mwingereza anasema?"

"Mingi."

"Basi Mwingereza hajawahi kununua mkasi."

"Fundi, hatukukaa hapa kumhukumu. Tumekaa kumhifadhi. Rudi mwanzo wa ukurasa."

Kisha yakaja mafungu marefu. Sisi tunataja sanduku kwanza, halafu tunasema ni jeusi, ni kuukuu, ni kubwa. Mwingereza anatanguliza sifa zote, sanduku lenyewe linakuja mwisho, kama harusi ambayo wapambe wanapita wote na bwana harusi unamwona ukiwa umeshachoka kusimama.

"Nikiishiwa pumzi kabla ya kufika kwenye sanduku?" nikauliza.

"Utakuwa umesifu hewa. Vuta pumzi, tuendelee."

Nyumbani mke wangu alinisikia nikiyarudia hayo huku nikipiga pasi ya mkaa. "Baba," akasema, "hao Waingereza hawana salamu? Wiki nzima unahesabu vitabu, na humu ndani hakuna hata kimoja."

Siku ya kuulizwa ikafika. Karakana ilikuwa ukumbi mmoja mrefu, na waliokaa kwenye vyerehani walikuwa kina mama, wengi wao wa mtaa wetu. Yule mama wa Kizungu alikaa mezani, mpole, na dereva wake alisimama kando kutafsiri. Akawaonyesha mafundi kwa mkono, akaniuliza taratibu: "One woman. Two...?"

Jibu nililijua. Tatizo ni kwamba lilikuwa chini kabisa ya ukurasa, baada ya maksai na panya, na mimi kufika huko bila kuanzia juu sikujua. Nikafumba macho, nikaweka kiganja sikioni, nikaanza kuyumba.

"One book, two books..."

"Thank you," akasema mama. Nimekatizwa. Nikarudi mwanzo.

Akainua mkono. Nikarudi mwanzo.

"Muzee," dereva akaninong'oneza, "Madamu anasema iko sawa, inatosha."

"Mwambie asubiri. Jibu liko njiani."

Nilikuwa nikiona meza za bia zimepangwa barazani pangu. Nikaanza tena, sauti ikitetemeka: "One box..."

Na nyuma yangu mwanamke mmoja akaitikia, "Two boxes!"

Alikuwa jirani wa msikiti. Kila jioni alikuja kuwachukua watoto wake akatukuta dirishani. Nikapaza la pili, wakaitikia watatu. La tatu, ukumbi mzima, walioyajua na wasioyajua, na miguu ikikanyaga vyerehani kwa mwendo wa wimbo. Tukapita maksai, tukapita panya, tukafika kwa mwanamke, na wanawake wenyewe wakajijibu kwa vigelegele. Nami sikuweza kukoma. Nikaendelea kuwaamuru wajaze nafasi zilizo wazi, nao wakaitikia.

Nilipofumbua macho, mama wa Kizungu alikuwa anafuta machozi ya kicheko. Akasema mengi, dereva akanifupishia.

"Anasema hawa wamama, tangu amefika, hakuna hata mumoja alifungua kinywa kwa Kiingereza. Wanaficha uso kwa kitambaa. Wewe wanakufuata. Kazi iko yako. Ila anaomba, akikuuliza kitu, umujibu kwa mukono tu."

Nikamjibu kwa mkono.

Niliporudi nyumbani, mke wangu alikuwa amesimama mlangoni. "Wamekuuliza nini?"

"Wanawake."

"Ukajibu nini?"

"Ukurasa mzima."

"Ndiyo maana umechelewa," akasema, akaingia kunitengea chakula, mabega yakimtikisika.

Kesho yake mwenye kabare mwenyewe alinisaidia kushusha cherehani hadi Kimisagara, akihema mteremko mzima, na tulipofika akaomba nimpunguzie suruali. Nikampunguzia.

Wengi wa wale kina mama siwaoni tena duniani. Mola awape makao mema. Nawe uliyesoma mpaka hapa, Mungu akuzidishie riziki ya halali, akupe watu wa kukuitikia sauti yako inapotetemeka, na siku ile ambayo sote tutaulizwa, akujaalie jibu lililo karibu na ulimi. Amina.