Siwema na Macho Yasiyotulia

Siku hizi mchele unakuja umefungwa mifukoni, watu wanatafuna mawe na kumlaumu mwenye mashine. Hakuna anayekaa chini na ungo. Wakati ule, Iringa ya mwaka 1954, mchele wa Usangu ulishushwa ghalani kwa mzee Othmani na kuchaguliwa punje kwa punje na wanawake sita. Aliyewapita wote ni Siwema binti Muharami.

Mimi nilikuwa karani wa ghala. Shule niliiacha darasa la nne. Mengine nilijifundisha kwa kusoma magazeti makuukuu yaliyofungiwa sukari. Kwa kisomo hicho nilijiona najua watu. Siwema nilimhukumu siku ya kwanza kuwa ana maringo: ukimsemesha anageuzia uso bega la kushoto, kisha anakutazama kwa pembe ya jicho la kulia, kama mtu aliyenusa kitu kibovu.

Siku moja nikamwambia, "Binti Muharami, sisi wengine hatustahili kutazamwa?"

Wenzake wakacheka. Yeye akaweka ungo chini, akaninyooshea uso.

"Haya karani, tazama. Usije ukasema nilikuficha."

Macho yake yalikuwa yanacheza. Yaliteleza polepole kuelekea kulia, yakaruka ghafla kurudi kushoto, yakateleza tena, yakaruka tena, bila kukosea pigo, kama mtu anayeteleza kwenye tope na kujivuta. Kisha akageuza shingo, na macho yakatulia tuli.

"Nimezaliwa nayo," alisema. "Nikigeuka hivi nakuona vizuri. Kwa hiyo nikikugeuzia shingo, ujue nimetaka kukuona."

"Na vitu unaviona vinacheza?"

"Dunia imetulia, karani. Ninyi ndio mnaoona mchezo."

Baada ya miezi michache nilipeleka posa. Mama yake, bibi Jaha, mjane, aliipokea kwa machozi, kwa maana Siwema alikuwa na miaka ishirini na minne na posa mbili zilikwisha kurudi. Hii ilikuwa ya tatu. Bibi Jaha alisema wazi kuwa ya nne haitakuja.

Desturi ya ukoo wetu ilikuwa hivi: kabla ya posa kuthibitishwa, shangazi wa mume huja kumtazama binti. Humpa ungo wa mchele alioutia mawe mwenyewe kwa siri, akayahesabu, kisha hukaa mbele yake kimya mpaka amalize. Mume hungoja barazani. Leo wanaoana kwa picha ya stempu halafu wanashangaa ndoa kuvunjika. Ile desturi ilimtazama mtu. Hata hivyo ni juu ya ungo huohuo nilipomwangusha Siwema.

Usiku wa kuamkia siku ya kutazamwa nilikuwa nimempelekea salamu: shangazi Mwanakhamisi wa Mbeya hapendi dharau, kwa hiyo usimgeuzie shingo, mtazame uso kwa uso. Mimi mwenyewe shingo ile ilikuwa imenidanganya, nikaona nimwepushe. Siwema alinijibu neno moja: "Nitafanya."

Akafanya. Nilikuwa barazani, pazia tu kati yetu. Nilisikia mawe yakidondoka kwenye sahani, moja baada ya jingine, hadi saba. Nilijua mchele hauoni vizuri. Aliuchagua kwa ncha za vidole, uso ameuelekeza kwa shangazi kama nilivyomwagiza.

Shangazi akatoka.

"Mawe saba nilitia, saba katoa. Mkono anao. Lakini macho yale, Muhidini! Yanakwenda mlangoni na kurudi, mlangoni na kurudi. Huyo si wa kukaa nyumbani. Kama si jini, basi ni njia inayomwita. Nisemeje?"

Nilijua kila kitu. Ningeweza kusema, shangazi, mwambie ageuze shingo. Sentensi moja. Lakini mtu hambishii shangazi yake barazani kwa watu, na mimi nilikuwa mwoga nikaita woga wangu adabu. Nikatazama viatu vyangu. Alasiri ileile mshenga alipeleka jibu kwa bibi Jaha: posa imevunjwa.

Kesho yake nilimsindikiza shangazi kwa basi hadi Mbeya. Alikaa dirishani; mimi nilikaa kiti cha mbele yake, nimegeuka nyuma tuzungumze. Tulipopita Makambako alikuwa akitazama nguzo za simu zikipita. Hapo nikayaona macho yake. Yalifuata nguzo moja polepole, yakaruka mbele kukamata nyingine, yakafuata, yakaruka. Nikatazama abiria mwingine, na mwingine. Basi zima lilikuwa na macho ya Siwema.

"Shangazi, macho yako yanacheza!"

"Umelewa?"

"Wallahi yanacheza, kama ya yule binti. Yako, na ya yule bwana pale, yote."

Alinitazama kwa huruma, jambo lililoniuma kuliko tusi.

"Mwanangu, mimi nafuata nguzo. Yeye ungoni alikuwa anafuata nini?"

Vitabu vyenye jibu sijavipata hata leo.

Wiki iliyofuata nilirudi Iringa nikiwa na furaha ya kijinga. Nilimkuta Siwema peke yake mlangoni pa ghala, nikamweleza yote: nguzo, abiria, macho ya shangazi.

Alisikiliza mpaka mwisho. "Wao wakishuka, yanatulia?"

"Yanatulia."

"Mimi nishuke wapi?" Akachota mchele, akauacha uteleze vidoleni. "Shangazi yako alipokuuliza aseme nini, ulimwambia nini?"

Nikatazama viatu vyangu, mara ya pili.

"Nilisikia pazia lile lilivyo jembamba," akasema. "Basi."

Posa ya nne kweli haikuja. Bibi Jaha alifariki mwaka 1958, na Siwema akaacha kazi ya ghala, akaanza kuuza mchele wake mwenyewe sokoni, akiishi katika chumba kimoja nyuma ya msikiti. Nilikwenda kununua mara nyingi kuliko nilivyohitaji kula. Wateja wengine aliwageuzia shingo, akawatania, akawauliza habari za watoto. Mimi alininyooshea uso, macho yakiteleza na kuruka, yakiteleza na kuruka.

"Pishi ngapi, bwana?"