Siku Tatu za Fomu ya Yohane

Silvano Shemhilu alikuwa wakala wa kwanza wa hisa pale Lushoto, na kwa miaka mingi alikuwa pia wa mwisho. Alipopunguzwa kazi benki, wakati serikali inauza mashirika yake na wananchi wanahimizwa kununua, dalali mmoja wa Dar es Salaam aitwaye Ramadhani alimpa mhuri, bunda la fomu na namba ya simu. Silvano akapanga chumba karibu na posta, akaweka meza na mabenchi mawili, akaanza kuwaeleza wakulima wa viazi kwamba karatasi moja inaweza kuwa kipande cha kiwanda.

Wengi walimcheka. Yohane, mpasua mbao wa Shume, hakucheka. Aliuza nusu ya shamba lake la Malindi, kijiji cha huko huko milimani, ile nusu ya bondeni inayopata maji, akanunua hisa za kiwanda kilichobinafsishwa. Mkewe, Scholastica, alinuna mwezi mzima. "Shamba nalishika. Hiyo nashika nini?" aliuliza, naye Silvano akamjibu kwa maneno mazuri aliyoyapata semina.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Mtu akitaka kuuza alijaza fomu, Silvano akapiga simu Dar, na siku za soko Ramadhani akaandika kwa kalamu ubaoni: hisa ngapi, bei gani. Mnunuzi akiwepo walipatana, asipokuwepo maandishi yalibaki yanatazamana na ukuta. Wanunuzi walikuwa wa kuhesabu. Wauzaji wawili wakubwa wakiandika pamoja, bei iliporomoka, na kanuni ilisema ikishuka kiasi fulani kwa siku moja, isishuke tena mpaka soko lijalo. Silvano aliipenda sana kanuni hiyo. Aliipenda hata akatunga ya kwake, ambayo hakumwambia mtu: kila fomu ya kuuza aliilaza kwenye droo siku tatu. Mwenye pupa atulie, bei isivurugike, wenzake wasiumie. Na kweli, wengi walirudi kesho yake wakaomba fomu zao, wakamshukuru. Mtu akishukuriwa hivyo mara kumi, anaanza kujiona serikali.

Mwaka 2003 Yohane alivimba tumbo. Hospitali moja ya Moshi ilisema uvimbe unaweza kutolewa, lakini fedha zitangulie, na asicheleweshwe. Jumatatu Scholastica akaja na fomu yenye sahihi ya mumewe, imepindapinda.

"Uza zote, mzee. Kwa bei yoyote."

Hilo la bei yoyote ndilo lililomtisha Silvano. Hisa nyingi namna ile, kwenye soko kavu namna ile, zingewaangusha wateja wake wote. "Nenda kaandae safari, mama Alen," alisema. "Mimi nashughulikia." Akaiweka fomu kwenye droo.

Alhamisi alipopiga simu, Ramadhani alikuwa anacheka. "Mzee, jana umekosa sinema. Si wageni wameruhusiwa kununua? Kaja mmoja, mfuko wa uwekezaji wa huko nje, kabeba kila kilichoandikwa ubaoni. Angekuta zaidi angebeba. Leo hata wa kuuliza bei hayupo."

Silvano akamtajia hisa za Yohane. Ziliandikwa, zikakaa. Soko baada ya soko Ramadhani alishusha bei mpaka pale kanuni ilipomruhusu, na hakuna aliyenyoosha mkono. "Soko limekauka," Silvano alimwambia Scholastica kila alipokuja kuuliza. Haukuwa uongo, na ndiyo maana lilikuwa jambo baya. Wiki ya saba Yohane alizikwa Malindi.

Tangu hapo Yohane akahamia ofisini. Silvano hakumwona, hapana. Hakuwa mtu wa mizimu, alikuwa mtu wa misa ya kwanza. Lakini ukungu uliposhuka mchana na chumba kikaingia giza, benchi la pili lilikuwa na mtu. Palinukia mbao mbichi, na palisikika pumzi nzito ya mtu anayesubiri kuitwa. Wateja walibanana benchi la kwanza bila kuambiwa. Silvano aliogopa, na aibu ilimkaba kuliko woga. Aliacha kulaza fomu, akahamisha meza, akaungama kwa padri, na mtu yule akaendelea kusubiri. Tena kila msimu Scholastica alimletea kikapu cha plamu. "Ulihangaika sana kwa ajili yetu, mzee," alikuwa akisema. Silvano hakuweza kuzila plamu zile.

Mwaka 2006 Dar wakaweka kompyuta badala ya ubao, mawakala wakaitwa kuonyeshwa. Ramadhani aliingiza oda moja. Mashine ikaandika saa, dakika na sekunde, ikaipanga foleni, ikaanza yenyewe kumtafutia mnunuzi. Wanunuzi haikuwaongeza, walikuwa wachache vilevile, ila aliyetangulia alitangulia.

"Nikitaka kuizuia oda ya mteja kidogo," Silvano aliuliza, "nafanyaje?"

Ramadhani alimtazama. "Uizuie kwa nini? Oda si yako."

Wenzake walipokwenda kula, Silvano alibaki anazitazama zile sekunde. Kesho yake akapanda basi, akapita Mombo, akapandisha mlima, na Lushoto hakukaa. Alikwenda moja kwa moja Malindi.

Scholastica alikuwa anapalilia kabichi kwenye nusu ya shamba iliyobaki, ile ya juu, kavu.

"Onga mshi, mama Alen," alimsalimu kwa Kisambaa.

"Tiwedi. Shikamoo, mzee. Mbona na begi?"

"Marahaba." Alimweleza akiwa amesimama: fomu, droo, siku tatu, mgeni wa Jumatano. Hakujitetea. Safari nzima alikuwa amejikataza hilo. Alipomaliza alingoja matusi, na alikuwa tayari hata kwa jembe.

Scholastica alikaa juu ya tuta.

"Kwa hiyo zingenunuliwa," alisema.

"Zingenunuliwa zote."

"Na mimi miaka mitatu nasema hazikuwa kitu." Alikuwa anaufikichafikicha udongo vidoleni. "Nilimwambia Yohane, mzee. Kitandani, wiki ile ya mwisho. Nilimwambia ameuza shamba akanunua karatasi ambayo hata bure haichukuliwi, na sasa inamuua."

Silvano akalitua begi chini.

"Hakubisha," alisema Scholastica. "Alinishika mkono, akaniomba msamaha."