Kabureta Ndogo Niliyoichagua Mbale

Kaka zangu walitaka gari la baba liuzwe siku ile ile tuliyoanua matanga. Nikakataa. Lilikuwa gari dogo la Kijapani la milango miwili, na kwa miaka minne lilikuwa limekaa chini ya turubai nyuma ya kota za magereza pale Jinja, injini imekwama, magurudumu yamezama kwenye udongo. Kaka mkubwa aliniuliza nitalifanyia nini. Nikamwambia nitaliendesha, tena mbio kuliko mzee alivyowahi kuliendesha. Alinitazama tu kama mtu anayemtazama mgonjwa.

Baba alikuwa askari magereza na msimamizi wa karakana yao, na spana nilizishika kwake kabla sijajua kusonga ugali. Miaka ile ya tisini nilikuwa fundi katika gereji ya wazi Mafubira, pembeni mwa Jinja, mwanamke peke yangu. Mkubwa wetu alikuwa amewahi kuwa dereva wa jeshi, na sote tulimwita Afande. Alikuwa mtu wa haki katika kugawa kazi, nakiri, lakini alipokwisha kusema neno juu ya injini, neno hilo lilikuwa amri.

Injini ya baba niliifanyia kazi Jumapili baada ya ibada, miezi saba mfululizo. Silinda nilizichonga upya. Kichwa cha injini nilikisaga kidogo ili mchanganyiko wa hewa na petroli ubanwe zaidi kabla ya kuwaka. Kamshafti, ule mhimili unaofungua valvu, niliipeleka kwa mzee mmoja mwenye mashine ya kuchonga vyuma, akaitengeneza upya ili valvu zikae wazi kwa muda mrefu zaidi. Ikabaki kabureta, maana ya zamani ilikuwa imeoza kabisa.

Afande alikuwa na jibu tayari. Yeye mwenyewe alikuwa na gari la namna ile ile, injini ya ukubwa ule ule, na alikuwa ameifungia kabureta ya pikapu kubwa. Injini ya nguvu, alisema, inataka kinywa kikubwa. Wenzangu wote wakaafiki. Niliwaambia kwamba mimi sioni hivyo. Kabureta haimimini petroli kama birika. Hewa ndiyo inayopita kwenye koo lake kwa kasi na kuivuta petroli, na koo likiwa pana mno kwa injini ndogo, hewa hupita kivivu, petroli inabaki nyuma, na gari hukohoa kila unapokanyaga mafuta. Nilikuwa nimepiga hesabu kwenye daftari la shule: injini ya lita moja na nukta sita, mizunguko elfu sita na nusu kwa dakika, inavuta hewa kiasi gani. Nikamwonyesha Afande ukurasa. Aliusoma mpaka chini, kisha akanirudishia.

"Injini haijui kusoma," alisema.

Wakacheka wote. Nilikunja daftari langu, na Jumamosi iliyofuata nikapanda basi la asubuhi kwenda Mbale.

Pale Mbale, mtaa wa Nabuyonga, kulikuwa na Haji mmoja aliyeuza spea zilizotumika, nyingi zikiingia kutoka Kenya. Ghala lake lilikuwa nyuma ya nyumba, na ndani yake kabureta zilipangwa kwenye mbao kama vyungu sokoni. Nilimsalimu. Aliposikia Kiswahili changu alitabasamu, akaniuliza baba yangu alikuwa jeshi gani. Nilizoea swali hilo. Kwa watu wengi wa kwetu Kiswahili kilikuwa lugha ya wanajeshi, bado kinanuka bunduki, na mimi nilinyonyeshwa nacho kwenye kota. Nikamwambia baba alikuwa magereza, naye hakuwahi kumpiga mtu.

"Haya, binti. Na fundi wako amekutuma ipi?"

"Fundi ni mimi, Haji."

Akanyanyua kabureta kubwa kuliko zote, ameing'arisha kwa petroli, akasema vijana wa mbio wote wanachukua ile. Nikamshukuru na kuiweka chini. Akaleta nyingine ya makoo mawili yanayofunguka pamoja. Nikaiweka chini nayo. Nilimweleza ninachotaka: makoo mawili, moja dogo la kwanza na la pili kubwa kidogo, na lile la pili lifunguke tu mguu ukishapita nusu ya safari ya pedali. Hivyo mjini gari litatembea kwa koo dogo, na nikitaka kukimbia, koo la pili litaamka.

Zilikuwepo tatu za namna hiyo, kwenye sanduku chini ya meza. Ya kwanza nilishika mhimili wake wa chuma, ukacheza mkononi kama jino bovu. Hiyo ingevuta hewa ya wizi kupitia pengo hilo. Ya pili ilikuwa na ufa kwenye kitako. Ya tatu niliifungua pale pale, nikapima makoo kwa kipimo cha baba, nikapuliza kila kitundu cha petroli, nikabonyeza ile pampu ndogo inayorusha petroli unapokanyaga ghafla. Haji alikaa kunitazama muda wote. Mteja mwingine aliingia, Haji akamwashiria asubiri.

"Ukirudi kulalamika kwamba ni ndogo, siipokei," alisema mwishowe.

"Sitarudi kulalamika."

Niliifunga siku iliyofuata. Mwanzoni plagi zilitoka nyeusi kwa masizi, petroli imezidi. Nikabadilisha vile vitundu vya shaba vinavyopima petroli, nikaendesha, nikafungua plagi tena. Ilinichukua wiki mbili hadi zikatoka na rangi ya hudhurungi, kama chai iliyokolea. Hapo gari likawa linanguruma kwa utulivu kwenye taa nyekundu za mjini, na ukiligusa tu linaruka.

Afande alilisikiliza, akasema linaimba vizuri lakini halina pumzi. Nikamwambia twende Budondo tukashindane. Tulikubaliana kutoka Mafubira mpaka kwenye senta ya maduka pale Budondo, njia ya murramu, ule udongo mwekundu ulioshindiliwa, yenye kona na vilima, asubuhi mapema kabla watu hawajajaa barabarani. Yeye aliondoka mbele yangu, mbele kweli. Lakini kila kona aliyopunguza mwendo, gari lake lilijikwaa lilipotakiwa kuchukua tena, likakohoa moshi mweusi, nami nikamkaribia. Kwenye mlima wa pili nilimpita. Nilifika, nikazima, nikatoka na kuegemea mlango. Wauza ndizi walikuwa ndio kwanza wanapanga mikungu. Alipofika hakushuka garini.

"Hii si barabara," alisema. "Twende kwenye lami."

Tulikwenda kwenye lami, siku nyingine, upande wa Iganga. Huko alinipita. Tulipofika kasi ya juu kabisa, kabureta yake kubwa ilipata hewa yote iliyoitaka, na niliona mgongo wa gari lake ukipungua mbele yangu mpaka ukawa kidoa. Gereji nzima ilizipata habari kabla ya mchana. Wenzangu walinizunguka wakanishauri kwa upole, na upole ndio ulioniudhi: sasa umeona, nenda kwa Haji ukachukue kubwa.

Niliwaambia sichukui. Kabureta ile niliipimia barabara ninazoishi, zenye mashimo, kona, ng'ombe na vilima, na dakika mbili za lami iliyonyooka hazingenifanya nikohoe moshi siku sita za wiki. Niliwaambia pia kwamba Afande amenishinda kihalali, na kwamba kunishinda hakumfanyi awe sahihi. Mmoja akauliza ni nani aliyenifundisha kiburi hiki. Nikamwambia ni kazi.

Miezi kadhaa baadaye Afande aliniita kando. Gari lake lilikuwa linakunywa petroli kama ngamia na halitulii likisimama. Aliniomba nimtafutie vitundu vya shaba vinavyofaa. Nilifanya kazi ile mchana mzima, nikalipunguzia masizi kadiri ilivyowezekana, nikamrudishia funguo.

"Bado ni kubwa mno kwa injini hii, Afande."

"Najua," alisema.

Akaliwasha, likakohoa mara mbili, akaondoka na kabureta yake ile ile, mkaidi kama mimi. Nilisimama nikimtazama, mikono imejaa grisi, na kwa mara ya kwanza tangu nianze kazi pale nilimpenda mtu yule.